Kikohozi cha Mwalimu Nzunda

Kabla sijawa profesa nilikuwa mtu aliyevaa pazia. Nalisema hili mapema, na kwa uzito unaolistahili, kwa sababu wapo wanaoianza safari hii kwa shahada, wengine kwa barua za mapendekezo, wengine kwa mjomba anayekaa karibu na mlango. Mimi niliianza kwa pazia la bwalo la chakula, la zambarau iliyopauka, lenye harufu ya maharage yote yaliyowahi kupikwa shuleni kwetu. Kulabu zake za chuma zilikuwa bado zinaning'inia mabegani mwangu kama nishani za vita ambayo hakuna aliyeipigana.

Jina langu ni Ambakisye. Nililala kitanda cha juu, bweni la Kusini, katika shule iliyojengwa mahali ambapo dunia, kwa kadiri nilivyoweza kuichunguza, iliishia kwenye ua wa michongoma. Sikuwa hodari wa lolote isipokuwa jambo moja: niliweza kuwa mtu mwingine. Mwalimu yeyote akiongea mbele yangu asubuhi, kufika jioni nilikuwa na sauti yake mfukoni. Niliweza kuwa Mkuu wa Shule akitangaza upungufu wa maji kana kwamba ameuleta yeye. Niliweza kuwa Matroni akiomboleza vijiko vilivyopotea. Lakini kazi yangu kuu, ile iliyowafanya wenzangu waniite Profesa na kuniletea vipande vya andazi, ilikuwa Mwalimu Nzunda wa hisabati.

Mwalimu Nzunda alikuwa na kikohozi. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha utawala. Alikohoa kabla ya kusema jambo, akakohoa baada ya kulisema, na ukweli wenyewe ulikaa katikati umebanwa kama mtoto mwembamba kati ya wanene wawili kwenye benchi la kanisani. Tulimwogopa kwa kikohozi kile. Ukikisikia nyuma ya mlango wa bweni ulikuwa unakunja shuka hata kama umelala ndani yake.

Mtu pekee niliyemfunza sanaa yangu alikuwa Chilumba, wa kitanda cha chini. Sikumfunza kwa wema. Nilimfunza aniige mimi, ili jioni majina yakiitwa mstarini nami nikiwa mahali pengine, jina langu lisikose mwenyewe.

"Kwanza unavuta pumzi puani," nilimwambia. "Kidogo tu. Halafu unasema 'Nipo, mwalimu' kama mtu aliyesingiziwa."

Chilumba akavuta kama ng'ombe mwenye mafua.

"Hiyo ni kamasi. Mimi navuta dharau."

"Dharau inatoka pua ipi?"

"Zote mbili, mpumbavu wewe. Rudia."

Alirudia mpaka bweni zima likatutupia ndala.

Siku ya pazia tulikuwa tumekwisha kula mchana, katika saa ile ambayo shule nzima inalazimishwa kulala na hakuna anayelala. Chilumba alikuwa amelala chali, akizungumza na chaga za kitanda changu.

"Profesa, kumwiga Nzunda mbele yetu si kazi. Sisi tunamjua, tunacheka kabla hujafungua mdomo. Nenda kamwige mahali wasipomjua. Wasicheke. Waandike. Hapo nitakuamkia."

"Utaniamkia shikamoo? Wewe mkubwa kwangu."

"Shikamoo, na magoti chini. Ndiyo maana itakuwa tamu."

Ningekataa. Mkuu wa Shule alikuwa amenionya kwa mara ya mwisho: nikikosekana tena mstarini jioni, nitaondoka na godoro langu kichwani. Na mama yangu alikuwa amekwisha kuniambia, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko kelele, kwamba nikitokea tena nyumbani kabla ya likizo nisibishe hodi, nipite dirishani kama wezi wengine. Isitoshe, mwalimu wa zamu jioni ile alikuwa Nzunda mwenyewe. Lakini kuna aina ya akili ambayo ikionyeshwa shimo hupima kwanza jinsi itakavyopendeza ikianguka. Nikavaa pazia kama joho, nikapita kwenye tundu la ua nyuma ya jiko.

Nyuma ya tundu lile siku zote palikuwa na shamba la mahindi na barabara ya malori. Siku ile palikuwa na lango.

*

Sitaeleza shamba lilikwenda wapi. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, au kwa mchana mmoja, sijui, maana upande ule wa ua muda hauna adabu, huketi palipo na nafasi. Ninachojua ni kwamba nilisimama mbele ya lango la mawe lisilo na jina, na chini ya lango aliketi mama mmoja mwenye kanga safi, amezungukwa na mitungi mingi iliyofunikwa kwa vifuu.

"Hodi," nilisema.

"Karibu. Weka majibu yako hapo."

"Majibu gani, mama?"

"Uliyokuja nayo. Hiki ni Chuo, haingii mtu na majibu. Weka mdomo kwenye mtungi, yaseme yote, utayachukua ukitoka. Mimi ni Bi Sikudhani, hakuna lililowahi kupotea mikononi mwangu. Na usiupige teke huo, una mwanasheria ndani."

Nikainama juu ya mtungi mtupu, nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nikaenda kwenye kabati la historia, nikakuta nilikuwa nimelala kipindi chote. Nikaenda kwenye kemia, nikakuta mchoro wa Matroni akiwa na mkia. Nikashuka chini zaidi, mpaka mahali ambapo mtu mwenye haya angeweka walau jedwali la kuzidisha, na kilichopanda kutoka huko kilikuwa mbweu wa maharage.

Bi Sikudhani akaweka sikio kwenye mtungi. Akasikiliza kwa muda ambao ungetosha kanisa zima kutubu. Akainua uso.

"Hakuna kitu."

"Niliumwa wiki ya mitihani," nilisema.

Hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaita kuelekea ndani kwa sauti iliyotetemeka. "Dakta Mangasini. Njoo. Amefika."

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wale, maana kila kilichonipata kilitokana nayo. Chuoni kwao kulikuwa na Kiti. Kiti hakikupewa mwenye majibu, kwa sababu, walisema, mwenye majibu huyapenda maswali yanayofanana na majibu yake na kuyaua mengine. Kiti kilimngoja mtu atakayeinamia mtungi na kutoacha kitu. Wengi walijaribu. Walificha jibu moja dogo chini ya ulimi, na Bi Sikudhani akalisikia likipumua. Basi wakangoja. Na nilipofika mimi wakafanya kosa ambalo wajinga hawaliwezi, linahitaji elimu nyingi na ya muda mrefu: hawakuweza kumtofautisha mtu aliyetua mzigo wake wote na mtu ambaye hakuwahi kubeba chochote.

Dakta Mangasini alikuja taratibu. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe zilizofika kifuani, na magoti yaliyolia kama mlango. Alinitazama, akalitazama pazia, akazitazama kulabu zake kwa heshima. Kisha akainama, yeye, ambaye angeweza kumzaa babu yangu, akasema, "Shikamoo, Profesa."

Wewe unayesoma umelelewa kama mimi. Unajua shikamoo hupanda, haishuki. Hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na ukiigeuza unahisi kitu kinageuka pia tumboni mwa dunia. Nilipaswa kukimbia. Nilipaswa kumwinua yule mzee na kumwambia, babu, mimi ni wa kidato cha tatu na hili ni pazia. Lakini koo langu tayari lilikuwa na Nzunda. Nikakohoa.

"Marahaba," nilisema, nikakohoa tena.

Unywele mweupe ukaniota kidevuni. Niliusikia ukitoka.

*

Ukumbi wao haukuwa na paa. Nimejaribu mara nyingi kuuchekesha ukumbi ule, maana ndiyo namna yangu ya kujikinga, nao haukubali. Mabenchi yalipanda pande zote kama miteremko ya bonde, safu juu ya safu, mpaka walioketi juu kabisa walikuwa kwenye ukungu na ulisikia tu kurasa zao. Ubao ulikuwa mpana kiasi kwamba ndege walikuwa wakiruka mbele yake na kutua mbali wakiwa weupe kwa vumbi la chaki. Na kalamu. Kalamu zote zikiandika kwa pamoja zilitoa sauti ya mvua inapoanza kwenye bati, ile mvua ambayo kwetu bwenini humfanya hata mkorofi anyamaze na kuvuta blanketi. Nilisimama mlangoni na pazia langu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo sikutaka kufanya mzaha, na nilikuwa nimeingia kwa mzaha.

Wakasimama. Safu ya kwanza ikasema, "Shikamoo, Profesa." Marahaba. Safu ya pili. Marahaba. Kila marahaba ilinivuta shati kutoka nyuma. Mgongo ukaanza kuuma. Madoadoa yakajichora mikononi. Jino moja likalegea, nikalimeza kwa heshima. Nilipofika mbele nilikuwa nimezeeka bila kuwahi kuwa mtu mzima, na nikaelewa kwamba inawezekana, tena inafanyika kila siku na watu wanaipigia makofi.

Kwenye Kiti palikuwa na koti limekaa wima, na miwani juu ya kola, na ndani yake hapana mtu.

"Profesa aliyekutangulia," Dakta Mangasini alininong'oneza, akilikunja koti kama anavyokunjwa marehemu. "Alikuwa mtu mwema. Aliitikia mno."

Nikaketi. Nikakohoa.

Ukumbi mzima ukaandika.

Nilikohoa tena, kujaribu. Wakaandika. Nikasema, kwa sauti ya Nzunda, "Vijana, tazameni." Wakatazama. Hakuna aliyecheka, mpaka kule juu kwenye ukungu. Nilikuwa nimeshinda. Chilumba angepiga magoti. Na ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya kijiko kitupu.

Ni nani anayesema ninaposema? Nzunda hayupo. Mimi sipo. Koti halina mtu. Wanaandika nini, basi? Wanaandika nafasi. Mtu akikaa palipoinuka, hata pumzi yake huwa somo. Ningeweza kusema jua ni yai. Ningeweza kusema wakojoe kwa zamu, wangetengeneza ratiba. Ee Kiti. Nani alikuinua hivi? Kama yeyote anaweza kukukalia, una tofauti gani na ndoo iliyogeuzwa? Na kama si yeyote, mbona mimi?

Ndipo nikauona mkono.

Ulikuwa umeinuliwa kwenye benchi la mbele kabisa, na ulikuwa umeinuliwa kwa muda mrefu kiasi kwamba mnana alikuwa amefuma kiota kwenye kiwiko. Mwenye mkono alikuwa mama mzee, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari ya kitoto. Miguuni alikuwa na viatu vyeusi vya msichana wa shule, vimekatwa nyuma ili visigino vipate kupumua. Aliingia humo akiwa mdogo. Alikuwa hajatoka.

"Huyo ni Nyamizi," alisema Dakta Mangasini, kwa sauti ambayo mtu hutumia kusema fulani ana kifafa. "Asikusumbue. Ana swali."

"Swali gani?"

"Hatulijui. Kila Profesa amekwisha kulijibu."

"Yeye mwenyewe hajaliuliza?"

"Profesa," alisema Dakta kwa upole, "hatukutaka kuwachelewesha."

Wakati huohuo, kutoka upande wa pili wa kila kitu, nikasikia rimu ya gari ikigongwa. Ilikuwa kengele ya kwanza ya shule yetu, ile ya kuwatoa watu mabwenini. Kengele ya pili ndiyo ya majina. Mtu mwenye miguu ya kijana angeweza kukimbia, kutupa pazia jikoni na kujipenyeza mstarini akihema. Nilitazama lango. Nilitazama magoti yangu, yaliyokuwa sasa ya mzee.

"Profesa," alisema Nyamizi. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Pazia lako lina kulabu."

Ukumbi ukaandika: pazia lina kulabu.

Alikuwa ananitazama kama mama yangu anavyonitazama nikishuka kwenye basi kabla ya likizo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyewahi kutumaini na bado hajapona. Na nikaona kwamba nikikimbia nitakuwa mstarini kwa wakati, na mkono ule utabaki juu, na Profesa ajaye ataujibu.

Nikashuka kutoka kwenye Kiti. Nikaenda mpaka mbele ya benchi lake.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Kalamu zote zikanyamaza. Nadhani hakuna aliyewahi kuisikia ikielekea upande ule.

Nyamizi aliitafuta ile sauti ya kuitikia, mahali alipoiweka zamani. "Marahaba, mwanangu."

Mgongo wangu ukanyooka. Madoadoa yakanitoka kama vumbi kwenye shuka. Jino, samahani kwa jambo hili, lilirudi lenyewe. Na kooni, mahali alipokuwa Nzunda, pakabaki patupu kabisa.

"Uliza," nilimwambia.

*

"Nilikuja hapa msichana," alisema Nyamizi. "Nimewasikia wote waliokalia kile kiti. Naweza kusema yote waliyosema. Nikisema nyota zimekufa zamani na tunaona mwanga tu, ni sauti ya yule mwenye kipara. Nikisema binadamu huzaliwa huru, ni sauti ya yule wa meno. Hata nikisema nina njaa, nasikia kuna mtu ananisemea. Sasa nauliza. Nitajuaje kwamba ninajua, na si kwamba nimewaiga tu?"

Akateremsha mkono. Mnana akaruka, akatua kwenye ukingo wa benchi, akanitazama kama mkaguzi.

Nilitafuta sauti. Nilimtafuta Nzunda, hakuwapo. Nilimtafuta Mkuu wa Shule, nilimtafuta hata Matroni. Wote walikuwa wametoka. Katika ulimwengu mzima wa watu wenye majibu kwenye mitungi, swali lile lilikuwa limemwendea mtu mmoja ambaye hakujua lolote ila kuiga, na nikatambua kwamba hilo hasa ndilo lililokuwa linaulizwa.

"Kuiga nakujua," nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, na ilikuwa yangu. "Nikimwiga mtu siangalii anachokisema. Nawaangalia ninyi. Naangalia nyuso, kama mnacheka, kama mnaogopa. Jicho langu liko kwenu muda wote. Lakini kuna jioni moja, saa ya prepo, ile ya kujisomea, nilisimama ubaoni kumfanya Mwalimu Nzunda. Nilikuwa na karatasi ya pembetatu. Nikakohoa, wakacheka. Nikasema vijana, tazameni, pembe za pembetatu zinazozana maisha yao yote. Nikakohoa, wakacheka zaidi. Nikazichana pembe zote, kwa madaha kama yeye, nikazipanga kwenye ukingo wa meza, ncha kwa ncha. Zikalala. Mama, zilikaa mstari ulionyooka, bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Nikachukua karatasi nyingine, pembetatu mbaya, nyembamba, iliyopinda kama mguu wa mbuzi. Nikachana. Zikalala. Nikaona kwamba siwezi kuchora ile itakayokataa. Na nikaanza kuona kwa nini haiwezi kukataa, kwamba mstari ulikuwa mle ndani tangu mwanzo, umekunjwa tu. Nilikuwa nasema kwa sauti, sijui nilisema nini. Kisha nikasikia kimya. Wenzangu hawakuwa wanacheka. Mwenzangu Chilumba alikuwa amesogea mbele na amezishika zile pembe kama vifaranga. Na nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau kukohoa."

"Ukafanyaje?" aliuliza Nyamizi.

"Nikaogopa. Nikamfanya Matroni haraka, wakacheka, mambo yakaisha. Nadhani utajua hivyo, mama. Utasahau kukohoa."

Alifikiri. Ukumbi haukuandika.

"Maneno mazuri," alisema mwishowe. "Hata yule wa meno alikuwa na maneno mazuri. Nitajuaje kwamba hata huko kusahau hukuigi sasa hivi? Wewe kazi yako ni hiyo."

Alikuwa na haki. Ningeweza kuapa, lakini hata kiapo naweza kukiiga.

Kengele ya pili ikalia.

*

Sauti zilikuja juu ya ua wa michongoma, ndogo lakini safi, kama zinapita kwenye mrija. Ukumbi mzima ulizisikia. Nyamizi aligeuza kichwa. Mwalimu Nzunda alikuwa anaita majina, na kila jina lilikuwa na kikohozi mbele na kikohozi nyuma. Mvulana alijibu, mwingine akajibu.

"Ambakisye."

Kimya. Niliona godoro langu. Niliona dirisha la nyumbani, na mama yangu ndani yake.

Kisha ikasikika pumzi ya puani, kidogo, na dharau ndani yake, na sauti yangu mwenyewe ikasema kutoka mahali nisipokuwapo, "Nipo, mwalimu."

Chilumba alikuwa ameipata. Hakukosea hata chembe. Nilijishika kifua kuhakikisha.

Nzunda akakohoa. "Ambakisye, pita mbele nikuone." Akakohoa tena.

Sasa kulikuwa na kimya cha aina nyingine, kimya cha shule nzima inayongoja mtu aanguke. Kisha miguu ikatembea kwenye changarawe, na sauti nzito, ya polepole, isiyo na pumzi yoyote ya puani, sauti ambayo nilikuwa nimelala juu yake muhula baada ya muhula bila kuisikiliza, ikasema:

"Mwalimu, mimi ni Chilumba. Ambakisye hayupo. Amekwenda kufundisha."

Mstari mzima ulicheka. Niliwasikia. Nikangoja kikohozi, kile cha kuwanyamazisha.

"Anafundisha nini?" aliuliza Mwalimu Nzunda.

Hakukohoa. Hakukohoa mbele wala nyuma. Ilikuwa sauti ya mtu tu, mtu wa makamo aliyesimama kwenye changarawe na kutaka kujua. Nilikuwa nimemwiga mwanadamu yule kwa miaka na sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Ile ya kuchana pembe," alisema Chilumba. "Mimi alinifundisha yeye, mwalimu. Wewe ulipoeleza sikuelewa, samahani. Alipoeleza yeye nilielewa, halafu akajifanya anatania. Lakini mimi ninazo bado. Ninazo hapa." Ikasikika karatasi ikitoka mfukoni.

"Hebu zipange," alisema Nzunda, bila kukohoa. "Hapa, chini. Nione."

Nilimtazama Nyamizi. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yakishuka kwenye ile mifereji ya uso wake kwa utaratibu, kama yanayojua njia.

"Huyo haigi," alinong'ona.

"Hapana, mama."

"Wala huyo mwingine."

"Hapana."

Akasimama. Alipitia kando ya Kiti bila kukitazama. Akanishika kichwa kwa kiganja, kama anavyoshikwa mtoto anayesafiri, akapanda ngazi za ukumbi na viatu vyake vya msichana vikipiga piga sakafu. Langoni Bi Sikudhani alimsimamisha. "Mama, mtungi wako. Ulikuja na majibu mengi kwa mtoto mdogo." Nyamizi aliufunua, akasikiliza kidogo, akacheka, akaufunika, akaenda. Hakuugusa tena.

Ndivyo nilivyofukuzwa shule na kuajiriwa chuo kikuu kwa pumzi ileile. Nzunda aliandika jina langu lilipopaswa kuandikwa, kwenye orodha ya wasiokuwapo, kwa sababu zamu ni zamu. Nilimsikia pia Chilumba akija mpaka kwenye tundu la ua, akipiga magoti kwenye majivu ya jikoni, akisema kwa sauti ya mtu anayelipa kwa furaha, "Shikamoo, Profesa."

Sikuitikia. Nilikuwa nimekoma.

Dakta Mangasini alikuwa amesimama pembeni na lile koti mikononi, hajui alirudishe wapi. Alipoona ninamwendea alianza kuinama. Nikamwahi.

"Shikamoo, Dakta."

Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kumpa yule mzee shikamoo. Akaitikia kwa shida, silabi moja baada ya nyingine, na magoti yake yakanyamaza.

Sikurudi kwenye Kiti. Nilivua pazia nikalitandika sakafuni mbele ya benchi la kwanza, nikaketi juu yake. Kulabu zilinichoma, nikaziacha zinichome. Mvua ya kalamu haikuanza. Walikuwa wananitazama, wote, mpaka kule ambako sikuweza kuwaona, na mimi sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa naitazama nafasi iliyoachwa na mkono wa Nyamizi, ile sehemu ya hewa ambamo kiota kilikuwa kimening'inia, na nikaona jinsi ilivyo kubwa.

Kisha kule juu, kwenye ukungu, mkono mwingine ukainuka.

Nikajiandaa kukohoa. Halafu nikasahau.